Akikosekana jirani wa dawati, nani afunue ukurasa?

Mwezi uliopita, kwenye kipindi chetu cha asubuhi, tulikuwa tunazungumzia upungufu wa vitabu vya kiada shuleni. Katikati ya simu za kawaida akaingia mwalimu mmoja wa shule ya msingi kutoka vijiji vya miteremko ya Mlima Meru. Baada ya salamu akasema tatizo lake si upungufu. Kitabu kipo. Darasa lake la tano lina mwanafunzi wa kike aliyeangukia mafiga akiwa bado anatambaa. Mikono yake ilipopona, vidole vilikuwa vimejikunja na kushikana. Anasoma kwa sauti vizuri kuliko nusu ya darasa. Anaandika polepole, kwa kubana kalamu kati ya mikono miwili. Lakini kufunua ukurasa, karatasi moja tu, hawezi.

Jirani yake wa dawati humfunulia. Siku jirani akiugua, au akibaki nyumbani kusaidia kuvuna mahindi, binti hukaa na ukurasa ule ule mpaka kengele ilie. Mwalimu ana watoto wengi, hawezi kusimama pale kipindi kizima. Akatuuliza: je, hakuna mashine ya kufunua kurasa? Na kama ipo, Arusha yote hii yenye vyuo na mafundi, hakuna wa kuitengeneza?

Hewani tulijibu vibaya. Tulisema tutafuatilia, kisha tukaweka wimbo. Makala hii ndiyo kufuatilia kwenyewe.

Jibu fupi ni kwamba mashine hizo zipo, na Arusha inaweza kuzitengeneza. Jibu refu ni kwamba wanaojaribu kuzibuni, wakiwemo wasomi, mara nyingi huanzia mahali pasipofaa. Huanza na mota, wakati mota ndiyo sehemu rahisi kuliko zote.

Kabla ya mashine, tuseme kwanza ni nani anayehitaji, kwa sababu msikilizaji anaweza kudhani ni mtoto mmoja tu wa kijiji kimoja. Ajali za moto wa jikoni ni za kila mahali panapopikwa kwa mafiga, na hapa Arusha kuna nyumba ya watoto iitwayo The Plaster House inayowalea watoto wanaosubiri upasuaji wa kurekebisha viungo au wanaopona baada yake, wakiwemo walioungua. Kuna watoto wenye mtindio wa ubongo, ambao akili inafanya kazi lakini mkono hauendi unakotumwa. Kuna wazee wa kiharusi. Kuna vijana wa bodaboda walioumia shingo au mishipa ya bega. Na katika nchi yetu wapo ndugu zetu wenye ualbino waliokatwa mikono na watu wakatili, jambo ambalo hatupaswi kulisahau kwa kuwa tu limepungua kwenye taarifa za habari. Hawa wote wana macho. Kusoma wanajua. Kinachowazuia ni karatasi.

Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani na UNICEF walitoa ripoti ya pamoja kuhusu vifaa saidizi, yaani vitu kama viti vya magurudumu, miwani, vifaa vya kusikia na miguu bandia. Walisema watu zaidi ya bilioni 2.5 duniani wanahitaji angalau kimoja. Katika nchi tajiri upatikanaji unaweza kufika asilimia 90 ya wanaohitaji, na katika baadhi ya nchi maskini ni asilimia 3 tu. Hapo tunazungumzia miwani na viti, vitu ambavyo kila mtu anavijua. Kifaa cha kufunua kurasa kiko chini kabisa ya orodha ya yeyote. Ulaya na Marekani mashine hizi zimeuzwa kwa miongo mingi, lakini kwa idadi ndogo, na kwa sababu hiyo moja huweza kugharimu mamilioni ya shilingi ukiigeuza kwa fedha zetu. Hakuna mfanyabiashara atakayeileta dukani Arusha akae akisubiri wateja wanne kwa mwaka.

Sasa tuingie kwenye kazi yenyewe. Siku ile baada ya kipindi tulikaa mezani, tukaweka mikono mifukoni, tukaweka kitabu mbele yetu na kila mmoja akashika penseli mdomoni, upande wa kifutio ukiwa mbele. Tunakushauri ujaribu ukipata dakika tano, ila kila mtu na penseli yake. Dakika ya kwanza ni vichekesho. Ya pili unagundua kuwa kitabu hakitaki kukaa wazi, kinajifunga chenyewe. Ya tatu unafunua kurasa mbili kwa pamoja bila kujua, unasoma, na sentensi haiungani. Kisha feni ya studio ikazunguka na kuturudisha tulikotoka. Mwenzetu mmoja alifika ukurasa wa nne akaitema penseli na kusema afadhali asisome.

Mchezo ule ulitufundisha kuwa kufunua ukurasa ni kazi nne, ingawa vidole vyetu huzifanya kama moja. Kwanza kitabu kishikwe kikae wazi. Pili karatasi moja itenganishwe na wenzake. Tatu ibebwe kutoka kulia kwenda kushoto. Nne izuiwe isirudi. Mota inafanya ile ya tatu tu. Karatasi ya kawaida ya A4 ina uzito wa gramu 5 hivi, kwa hiyo kuibeba hakuhitaji nguvu yoyote ya kutisha. Mota ndogo ya kuchezea, inayotumia volti 5 sawa na chaja ya simu, inatosha na kubaki. Ugumu uko kwenye ile ya pili. Unene wa karatasi ni kama sehemu moja ya kumi ya milimita, na mashine haina macho wala ngozi ya kidole ya kuhisi kama imeshika moja au mbili.

Duniani kuna njia tatu kuu za kutenganisha. Moja ni kunyonya kwa hewa, kama unavyonyonya karatasi kwa mrija wa soda. Inafanya kazi vizuri, lakini inataka pampu, ina kelele, na mpira wake ukitoboka umekwisha. Ya pili ni kitu chenye kunata kidogo kinachogusa ukurasa na kuuinua. Hiyo kwa vumbi letu la kiangazi, Julai mpaka Oktoba, sisi hatuioni ikimaliza wiki bila kusafishwa kila mara. Ya tatu ni mpira unaosugua, yaani rola ndogo inayokaa juu ya ukurasa na kuzunguka hadi karatasi ya juu inajikunja na kuinuka.

Na hiyo ya tatu, msikilizaji, unaijua. Ukienda stesheneri yoyote mjini kutoa fotokopi ya kitambulisho, mashine inavuta karatasi moja moja kutoka kwenye rundo kwa rola ya mpira ya namna hiyo. Umewahi kuona pia inavyokosea: rola ikichakaa au ikipata vumbi, inavuta mbili, au haivuti kabisa, na dada wa stesheneri anaifungua na kuifuta kwa kitambaa. Kumbe elimu ya kutenganisha karatasi imeshafika kila mji mdogo wa Tanzania. Iko ndani ya printa. Na printa mbovu ziko nyingi, zimerundikwa nyuma ya maduka ya mafundi zikisubiri kuuzwa kama chuma chakavu, kila moja ikiwa na rola, gia na mota.

Tulikwenda kwa fundi mmoja wa printa mjini, tukamsimulia habari ya yule binti. Alituuliza maswali mawili ambayo hatukuwa tumeyafikiria. La kwanza: karatasi za kwenye fotokopi ziko huru, za kitabu zimeshikwa upande mmoja na gundi, je, tunajua kwamba zitakuwa zinavuta kurudi? La pili: kitabu kikiwa mwanzoni, rundo la kulia ni refu na la kushoto ni fupi, na kikiwa mwishoni ni kinyume chake. Rola iliyofungwa sehemu moja itabonyeza sana leo na kesho haitagusa. Akasema mkono wa rola usifungwe, uwekewe bawaba ulale juu ya kitabu kwa uzito wake wenyewe, upande na kushuka pamoja na rundo. Alisema hayo huku akiendelea kufungua skrubu za kazi ya mteja mwingine.

Tunaongeza mengine mawili ambayo tunaona wabunifu wakiyasahau. Moja ni kurudi nyuma. Mtu anayesoma hurudi. Hurudi kuangalia jina la mtu, hurudi kwenye mfano wa hesabu uliotangulia, hurudi kwa sababu alisinzia. Mashine inayokwenda mbele tu inafaa kuonyeshwa kwenye maonyesho, haifai kusomea. Jingine ni neno hili otomatiki. Wapo wanaobuni mashine inayofunua yenyewe kila baada ya muda fulani, tuseme kila dakika mbili. Fikiria wewe uwe unasoma na mtu mwingine anakufunulia kwa saa yake, umalize usimalize. Huko ni kumkimbiza msomaji. Mashine ingoje amri, na amri itoke kwa msomaji mwenyewe.

Amri inatolewaje bila mikono? Hapa ndipo kila mtu ni tofauti. Mmoja anaweza kubonyeza kitufe kikubwa kwa kiwiko, mwingine kwa goti, kwa mguu, kwa kidevu, kwa kugeuza kichwa na kugusa swichi pembeni. Wapo wasioweza lolote kati ya hayo, na wanatumia mrija mdogo wa kupuliza na kunyonya. Kwa bahati nzuri watengenezaji wa swichi hizi duniani wamezoea plagi moja, ile ya milimita 3.5, inayofanana na ya hedifoni za simu. Fundi wa Arusha akiweka tundu hilo kwenye mashine yake, swichi yoyote ya kawaida ya watu wenye ulemavu itaingia, na hata swichi aliyoitengeneza mwenyewe kwa kifuniko cha kopo la rangi. Asipoliweka, kila mtumiaji atahitaji mashine yake.

Wengine tayari mnasema: haya yote ya nini, si kuna simu? Swali ni la haki, na kwa mtu mzima aliye nyumbani tunakubaliana nanyi. Simu za Android zina sehemu ya ufikivu kwenye mipangilio, ambayo kama simu yako iko kwa Kiingereza imeandikwa Accessibility. Humo kuna njia ya kuitumia simu nzima kwa swichi moja au mbili za nje, na kuna sauti ya kukusomea maandishi, hata ya Kiswahili. Taasisi ya Elimu Tanzania nayo imeweka vitabu vya kiada mtandaoni kwenye maktaba yake, visomwe bure. Kijana aliyevunjika shingo aliyelala kitandani Ngaramtoni, mwenye simu ya kawaida, chaji na bando, ana mlango wa kwanza pale. Aanzie hapo kabla ya kufikiria mashine yoyote.

Lakini kuna pale simu inapokwama. Shule zetu nyingi haziruhusu mwanafunzi kuwa na simu. Vitabu vingi vinavyozunguka kwenye makundi ya WhatsApp ni picha za kurasa, na picha haisomeki kwa sauti kama maandishi. Kisha kuna mtihani, na mtihani ni karatasi. Baraza la Mitihani huwapa watahiniwa wenye mahitaji maalumu muda wa nyongeza, dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Ni jambo jema, ila dakika hazifunui karatasi. Na tuseme pia la moyoni: mzee mmoja jirani wa studio yetu alipata kiharusi, na vijana wake wakamwekea Biblia kwenye simu inayosoma kwa sauti. Anaisikiliza. Lakini anayoitaka ni ile yake ya zamani yenye mistari aliyoipigia yeye mwenyewe kwa penseli tangu kipaimara. Hatuoni kwa nini aambiwe ameshapata mbadala.

Kuna jambo moja la kisheria ambalo watu wengi, na sisi tukiwemo mpaka juzi, hulijua nusu. Upo Mkataba wa Marrakesh, uliopitishwa mwaka 2013 chini ya Shirika la Miliki Bunifu Duniani, na Tanzania ilijiunga nao mwaka 2020. Huwa unatajwa kama mkataba wa wasioona, kwa sababu unaruhusu vitabu vyenye hakimiliki vigeuzwe kuwa nukta nundu, sauti au maandishi ya kompyuta kwa ajili yao bila kumwomba ruhusa mwenye kitabu. Lakini ukiusoma ndani, walengwa wake ni pamoja na mtu ambaye kwa sababu ya ulemavu wa mwili hawezi kushika kitabu au kukifunua. Yule binti wa darasa la tano yumo humo. Mwalimu, mzazi, afisa elimu maalumu wa halmashauri, mkiambiwa kwamba nakala ya kielektroniki ni ya wasioona pekee, jibu ndilo hilo. Na hapa nyumbani ipo Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, inayompa mtoto mwenye ulemavu haki ya kusoma shule ya kawaida na kupata huduma saidizi. Jirani wa dawati siyo huduma. Ni wema wa mtoto mwenzake, ambaye naye ana ukurasa wake wa kusoma.

Turudi kwenye swali la pili la mwalimu, la nani atengeneze. Ukitoka mjini kwa barabara ya Moshi unapita Tengeru, ilipo Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Afrika ya Nelson Mandela. Mbele yake ni Usa River, penye kituo cha Kanisa la Kilutheri cha utengamao na mafunzo ya ufundi kwa vijana wenye ulemavu. Mjini kuna Chuo cha Ufundi Arusha. Kuna Twende, karakana ya ubunifu ambayo Bernard Kiwia, mtu aliyeanzia kwenye ufundi wa baiskeli, alishiriki kuianzisha, na ambako mwananchi wa kawaida hufundishwa kubuni kifaa kwa shida yake mwenyewe. Moshi, pale KCMC, kuna chuo cha mafundi wa viungo bandia na vifaa vya utengamao tangu mwaka 1981. Na tangu Januari 2024 mtaala mpya umeleta mkondo wa amali kwa shule za sekondari zilizouanza, ambako vijana wanatakiwa kujifunza kwa kutengeneza vitu. Kwa kweli ni mikoa michache nchini yenye vyote hivi ndani ya safari ya daladala mbili.

Kwa hiyo kinachokosekana si ujuzi. Tumetembelea maonyesho ya kutosha, Nane Nane na mengineyo, kujua kinachotokea: vijana wanaleta mashine, mgeni rasmi anabonyeza kitufe, watu wanapiga makofi, picha inapigwa, na mwaka unaofuata mashine iko stoo ya chuo imefunikwa na viti. Mashindano ya kitaifa ya MAKISATU yamekuwepo tangu 2019 na yana makundi kuanzia shule mpaka mafundi wa mitaani, ni jambo zuri. Ila mashindano hupima kama mashine inafanya kazi siku ile. Hayapimi kama bado inafanya kazi mwezi wa saba, mezani kwa mtoto, umeme ukikatika na rola ikiwa na vumbi.

Hapo tunaona la kujifunza kwa Dk. Askwar Hilonga, mwana wa Gongali kule Karatu, aliyekuwa Tengeru alipotengeneza chujio la maji na mwaka 2015 akapata Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Kihandisi kutoka Uingereza, pauni 25,000. Watu hukumbuka tuzo na teknolojia ya nano. Sisi tunakumbuka zaidi njia yake ya kufikisha maji: badala ya kutegemea kila kaya inunue chujio, viliwekwa vituo vya maji, mtu mmoja anamiliki chujio na wengi wanachota. Kifaa cha kufunua kurasa kinahitaji fikra ya aina hiyo. Familia ya yule binti haiwezi kununua hata kama bei ingeshuka mpaka laki moja. Lakini halmashauri inaweza kumiliki vitano, vikae chini ya afisa wa elimu maalumu, vikaazimwa shule moja hadi nyingine kadiri watoto wanavyoingia na kumaliza, na fundi mmoja akalipwa kwa mwaka kuvitunza. Fedha kubwa iende kwenye kuvitunza.

Mtu atauliza kuhusu ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo asilimia 2 ni ya watu wenye ulemavu. Ile ni mikopo. Haina riba, lakini inarudishwa, na mikopo hiyo ilisimamishwa Aprili 2023 kwa sababu ya matatizo ya usimamizi kabla ya kurejeshwa mwaka uliofuata. Kumkopesha mtoto wa darasa la tano ukurasa wa kitabu ni kichekesho. Kikundi cha mafundi wenye ulemavu kikikopa kununua vifaa vya karakana, hilo linaeleweka, mradi halmashauri yenyewe iwe mteja wao wa kwanza kwa bajeti yake ya elimu. Bila mteja, mkopo utawaacha na deni na rundo la printa mbovu.

Wakati hayo yanasubiri vikao, kuna vya kufanya wiki hii, na tunavipa nafasi hapa kwa sababu vinagharimu karibu na bure. Fundi seremala yeyote anaweza kutengeneza stendi ya ubao iliyoinama kama paa la kibanda, yenye ukingo chini wa kuzuia kitabu kuteleza. Pande mbili unaweka mpira wa nguo uliovutwa, kurasa zinapita chini yake. Hiyo imeshamaliza kazi ya kwanza na ya nne. Kwa ile ya pili, chukua kandambili iliyochakaa, kata vipande vidogo vya sponji, ukubwa wa punje ya mahindi, na ubandike kwa gundi kwenye kona ya juu ya ukurasa mmoja, kona ya chini ya unaofuata, kwa kupishana. Kurasa zinaachana zenyewe na kubaki na nafasi ya kuingiza kitu. Kitabu kitanenepa, kwa hiyo usibandike chote. Bandika sura inayosomwa, nyingine zibane kwa vibanio vya nguo.

Kwa asiye na mikono lakini shingo iko imara, fimbo ya mdomoni ni chombo cha miaka mingi na kinatumika hata nchi tajiri. Si penseli tupu kama tulivyofanya sisi. Iwe nyepesi, upande wa kuuma uwe umezungushiwa mpira laini unaooshwa, mbele kuwe na kipande cha mpira wa kushika karatasi, isitumiwe na watu wawili, na mtoto asiitumie kabla mtaalamu wa utengamao hajaangalia meno na shingo yake. Yule mwenye viganja anaweza kufungiwa fimbo hiyo hiyo kwenye mkono kwa mkanda. Tulipomweleza mwalimu hili la mkanda alinyamaza kidogo, kisha akasema kumbe amekuwa akimtazama huyo mtoto mwaka mzima akishika kalamu na hakuwahi kufikiria kumfungia chochote.

Jambo jingine tulilomwomba ni amuulize binti mwenyewe anataka nini. Tulikuwa tumetumia siku nane kuongea na mafundi, mwalimu na wasomi bila yeye kuulizwa. Jibu lake lilikuja kwa ujumbe wa simu kupitia kwa mama yake. Mashine, alisema, asingependa iwe na kelele, kwa sababu darasa zima litageuka kumwangalia. Na angependa aweze kurudi nyuma mwenyewe, kwa kuwa kila akimwomba mwenzake arudishe ukurasa, mwenzake hudhani hajaelewa.

Ujumbe huo tumempelekea yule fundi wa printa. Amesema rola haina kelele, kelele ni gia, na gia za plastiki zikipakwa grisi kidogo hunyamaza. Ametenga printa moja mezani kwake. Stendi ya mbao ilishafika shuleni Jumatatu, sponji za kandambili zimebandikwa sura mbili za Hisabati, na binti amefungiwa kijiti chenye kifutio kwenye mkono wa kulia. Mwalimu anasema siku ya pili alifunua mwenyewe mpaka kwenye mazoezi ya sehemu, na sasa analalamika kama wenzake kwamba sehemu ni ngumu.